Kamera Ikiandika "Err", Okoa Picha Kwanza

Anayepiga picha Kagerankanda, hapa mkoani Kigoma, hana fundi wa kamera jirani. Kasulu mjini wapo mafundi simu hodari, Kibondo vilevile, lakini mtu mwenye bisibisi za lenzi na mazoea ya kufungua Canon au Nikon hutafutwa mbali, Mwanza au Dar es Salaam, na kamera husafiri kwa basi kama kifurushi. Kwa hiyo siku mashine inapogoma katikati ya ndoa, skrini ikaandika "Err 01" au "Err 99", fundi wa kwanza ni wewe uliyeishika. Makala hii ni kwa ajili ya saa hiyo, na kwa ajili ya usiku unaoifuata, ukiwa nyumbani na kamera mezani.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Ndani ya kamera ya lenzi za kubadilisha mna kompyuta ndogo inayotoa amri: kioo kipande, tundu la lenzi lijifinye, shata ifunguke, picha iandikwe kwenye kadi. Kila amri ina jibu lake. Jibu lisipokuja, kompyuta husimamisha kazi na kuandika namba ya mahali ilipokwama. Haisemi nini kimevunjika. "Err 01" ya Canon inasema tu kwamba bodi na lenzi hazisikilizani. Sababu inaweza kuwa vumbi ambalo kitambaa kikavu kitalimaliza kwa dakika moja, au waya uliokatika ndani ya lenzi, ambao hakuna kitambaa cha kuuponya. Kazi yako ni kutenganisha hayo mawili. Waliotutangulia hawakupata hata dokezo hilo. Hugo van Lawick alipofika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za sokwe, katika mkoa huu huu wa Kigoma, alitumia kamera za filamu, na kwa kamera za namna ile shata iliyozembea ilijulikana filamu ilipokwisha kusafishwa. Sisi tunaambiwa papo hapo, na tukijua kusoma tunachoambiwa, tunaweza kuiokoa siku.

Kabla ya namba yoyote kuna jambo ninaloliweka juu ya mengine yote: picha zilizokwisha kupigwa zina thamani kuliko kamera. Kamera hununuliwa nyingine. Kiapo cha ndoa, mtoto akibatizwa, bibi kizee amesimama katikati ya wajukuu wake, hayo hayarudiwi. Inauma kumwona mpiga picha akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, huku kadi yenye picha zote za asubuhi bado imo ndani. Ikiwa kadi ndiyo mbovu, kila kuwasha ni nafasi nyingine ya kuiharibu zaidi.

Basi kosa likitokea, ondoa kidole kwenye kitufe. Piga picha ya skrini kwa simu yako, maana ukizima, namba itapotea, na kesho hutakumbuka kama ilikuwa 20 au 30. Tazama taa ndogo ya kadi upande wa nyuma: ikiwaka au kumetameta, kamera bado inaandika, iache imalize. Ikizimika, zima kamera, toa kadi, itie kwenye kasha lake, na kasha kwenye mfuko wenye kifungo. Weka kadi nyingine. Kisha toa betri, subiri nusu dakika, irudishe, uwashe. Kwa kosa la kupita hiyo inatosha, na hata kitabu cha maelekezo cha Canon kinaanza hapo hapo kwa namba 10 hadi 80.

Mama wa bi harusi atauliza kulikoni. Mjibu kwa adabu na kwa ukweli: "Mama, nabadilisha kadi ili picha za asubuhi zibaki salama, naomba dakika tatu." Watu huvumilia dakika walizoombwa. Kinachowachosha ni mpiga picha aliyeinamia kamera, jasho linamtoka, haongei na mtu.

Kosa likirudi, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Vua kwanza vilivyobandikwa: flashi ya juu, kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali, kishikio cha betri mbili. Vya bei nafuu huweza kuvuruga umeme wa kamera na kuleta namba ya kutisha kama Err 80 wakati bodi ni nzima kabisa. Halafu lenzi. Halafu betri. Ukibadilisha vyote kwa mpigo na kamera ikapona, hujui mgonjwa alikuwa nani, na Jumamosi ijayo utamrudisha kazini.

Mimi naishuku lenzi kwanza, na hapa kwetu ipo sababu. Harusi nyingi hufungwa kiangazi, Juni hadi Septemba, maharage na mahindi yakiwa yamevunwa na fedha ipo. Huo ndio wakati ambao njia za kuingia vijijini ni vumbi jekundu tupu, laini kama unga wa muhogo. Mpiga picha anafika kwa bodaboda, begi mgongoni, na anabadilisha lenzi nje ya kanisa upepo ukivuma. Vumbi hilo hukaa kwenye vituo vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyo nyuma ya lenzi na mdomoni mwa kamera. Tangu Canon ilipoleta mfumo wa EF mwaka 1987, kulenga na kufinya tundu vyote hupitia umeme wa vituo hivyo. Kimoja kikifunikwa, mazungumzo yanakatika, na skrini inaandika 01. Katika kamera za zamani kama 350D na 400D tatizo hilo hilo mara nyingi hujitokeza kwa jina la Err 99, namba iliyobebeshwa makosa mengi kwa pamoja. Kamera zilizofuata ndizo zilizoyagawa.

Kusafisha vituo hivyo ni kazi ya chumbani, dirisha limefungwa na feni imezimwa. Zima kamera, vua lenzi, na bodi uifunike mara moja kwa mfuniko wake. Simamisha lenzi nyuma ikikutazama. Chukua kitambaa cha kufutia miwani, kikavu na kisafi, kivute kikaze juu ya ncha ya kidole, na ufute vituo kimoja kimoja kwa kufuata mstari wao bila kugusa kioo kilicho jirani. Kitambaa kikishika weusi, geuza upande safi. Weusi usiotoka hivyo utatoka kwa tone la isopropili, alkoholi ile ambayo mafundi simu husafishia bodi za simu. Tone liwekwe kwenye kitambaa, kamwe lisidondoshwe kwenye lenzi. Thina, petroli na mafuta ya kulainisha vyuma visikaribie. Msasa pia, kwa sababu dhahabu ile ni utando mwembamba na ukiukwangua kutu itafuata. Ukigeukia vituo vya kamera, elekeza mdomo wake chini vumbi lisiingie, na uangalie kama vyote vimesimama kimo kimoja: vina springi, na kilichobaki kimezama ndicho chenye kesi. Rudisha lenzi, izungushe mpaka usikie mlio wa kufunga.

Ikikataa bado, lipo jaribio moja ninalotaka kila mpiga picha alijue, kwa kuwa linaokoa nauli ya kifurushi. Weka kamera kwenye Av. Chagua tundu lililo wazi kabisa, f/3.5 kwa lenzi ya 18-55 ikiwa haijavutwa, kisha piga. Halafu chagua f/8, piga tena. Ikiwa ya kwanza inapita na ya pili inaleta kosa, vituo havina hatia. Lenzi inaposubiri picha, tundu lake hukaa wazi. Hujifinya shata inapokaribia kufunguka tu. Kwa hiyo kwa f/3.5 halina kazi ya kufanya, na kwa f/8 linaamriwa kujifinya na linashindwa. Mara nyingi kilichokatika ni utepe mwembamba wa umeme ndani ya lenzi, unaokunjwa na kukunjuliwa kila unapovuta na kurudisha, na 18-55 zinazouzwa pamoja na kamera zinajulikana kwa ugonjwa huo. Pengine utaona kosa linatokea kwenye milimita 35 na kutoweka kwenye 18. Ni utepe huo huo, unagusana na kuachana.

Ukishajua hivyo, harusi inaendelea. Acha tundu wazi na umalizie siku hivyo. Kwenye picha za ukoo zenye safu mbili au tatu, rudi nyuma hatua kadhaa, usivute lenzi, lenga nyuso za safu ya mbele au ya kati, na waombe wa nyuma wasogee karibu na wa mbele. Watatoka wazi wote. Baada ya siku hiyo sishauri kuitengeneza lenzi ya aina hiyo: bei ya utepe, kazi na usafirishaji kwa kawaida haiko mbali na bei ya 18-55 nyingine iliyotumika.

Wenye Nikon husoma lugha nyingine. "F--" maana yake kamera haioni lenzi: ivue, futa vituo, irudishe. "FEE" hutokea kwa lenzi zenye pete ya tundu, kama 50mm f/1.8D ambayo wapiga picha wengi wanaipenda, pete ikiwa haiko kwenye namba ya mwisho. Izungushe hadi f/22 na uifunge kwa kidude chake cha pembeni, basi. Ukiambiwa uzungushe pete ya lenzi kabla ya kupiga, una 18-55 ya kukunja. Bonyeza kitufe chake, ifungue. Hayo matatu si ubovu, na ni aibu kumlipa mtu kwa ajili yake. Neno "Err" likimetameta peke yake ndilo zito kidogo. Bonyeza kitufe cha kupigia mara moja. Mara nyingi kioo kilichokwama hurudi. Lisipoondoka, weka betri iliyojaa. Likibaki, jaribu lenzi nyingine, kwa maana lenzi nyingi za Nikon hufinya tundu kwa mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na kamera, na mkono huo ukipinda au ukikwama kwa uchafu, kosa huonekana kama ni la bodi.

Sasa kadi. Err 02 kwa Canon, "CHA" kwa Nikon, zote zinasema kadi haisomeki au haiandikiki. Hapa ndipo watu wanapopoteza kazi za watu, kwa sababu kamera yenyewe inapendekeza kufomati, na kidole chenye haraka kinakubali. Usikubali ikiwa kadi ina picha. Itoe, iweke pembeni, piga kwa nyingine. Usiku ijaribu kwenye kompyuta kwa kisomeo kizuri. Ikifunguka, nakili kila kitu kabla ya kufanya lolote. Isipofunguka, ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec inayotafuta picha moja moja ndani ya kadi bila kutegemea orodha ya mafaili; zinazopatikana zihifadhiwe kwenye diski ya kompyuta, kamwe zisirudishwe kwenye kadi ile ile. Hata aliyekwisha kufomati kwa bahati mbaya bado ana tumaini, kwa kuwa kufomati kwa kawaida hufuta orodha na kuziacha picha mahali pake mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Ndiyo sababu ya kuacha kupiga papo hapo. Kufomati kule kwa kina kunakochaguliwa kwa alama ya ziada kwenye Canon ni habari nyingine. Humo usitegemee kitu.

Chanzo cha kadi kuharibika mara nyingi si kamera. Kadi yako inazunguka: leo kwenye kompyuta ya studio kuchapisha paspoti, kesho kwenye ya rafiki, keshokutwa kwenye simu kwa waya. Huko inapata virusi, inachomolewa kabla ya kuruhusiwa, inafomatiwa kwa mtindo ambao kamera haiujui. Fanya hivi: nakili picha, hakikisha zinafunguka, kisha fomati kadi ndani ya kamera itakayoitumia, kila baada ya kazi. Kadi mpya ya bei ya kushangaza ijaribu kabla haijaona harusi. Zipo zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani yake ni 8 tu. Zinapokea picha zote bila kulalamika, na zinazozidi kiasi halisi zinatoka nusu kijivu au hazifunguki. Ijaze kabisa kwa video, ihamishe, itazame mpaka mwisho. Na kwa kamera ya zamani, nunua kadi isiyozidi gigabaiti 32, maana kubwa kuliko hapo ni za mtindo wa SDXC ambao kamera nyingi za kabla ya 2010 haziusomi.

Ujumbe wa kwamba kadi imefungwa huwapa watu hofu bure. Pembeni mwa kadi ya SD kuna kidude kinachoteleza; kisukume juu. Kikiwa kimeng'oka, kamera itaendelea kudai imefungwa. Kipande chembamba cha selotepu juu ya pengo lake kitakumalizia siku, kikiwa kimebanwa vizuri kisibanduke ndani ya kamera, kisha kadi hiyo ipumzishwe.

Betri nitaipitia haraka. Ya bandia huonyesha imejaa, halafu inaporomoka shata na flashi zinapodai umeme kwa pamoja, na kamera inakata kazi katikati ya mpigo kisha inaandika kosa lisilofanana na betri. Kabla ya kuamini namba yoyote ya kutisha, weka betri uliyoichaji mwenyewe jana. Pale umeme unapotoka kwa jenereta ya ukumbini au kibadilishi cha sola cha bei ndogo, chaji nyumbani na uende na betri mbili. Futa vituo vya betri pia. Na ikiwa kamera haiwaki kabisa, tazama milango: kuna kidude kidogo cha plastiki kwenye mlango wa betri au wa kadi kinachobonyeza swichi ukifunga, na kikivunjika kamera inaamini mlango uko wazi. Namba nyingine mbili za Canon ni nyepesi. Err 05 ni flashi ya ndani iliyozuiwa kuinuka. Err 06 inahusu kusafisha sensa. Zima, washa, uendelee na kazi.

Yanayobaki ndiyo mazito: Err 20 na Err 30 zikirudi hata baada ya betri nzuri na bila lenzi yoyote. Hapo tunazungumzia kioo na shata. Vua lenzi chumbani penye mwanga, tazama ndani kwa macho tu. Kioo kimesimama nusu? Chembe ya mchanga imekaa pembeni yake? Chembe unaweza kuipuliza kwa pampu ya mpira ya mkono, kamera ikielekea chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatatua kwenye kioo. Usitumie hewa ya makopo wala ya kujazia matairi. Mapazia ya shata ni membamba mno na upepo huo unayapinda. Usisukume kitu kwa kidole wala kijiti. Ukiona pazia limepinda au limeachana, funika kamera, kazi yako imeishia hapo.

Mvua ikianza Oktoba au Novemba, adui anabadilika. Kamera iliyoloa huuawa na umeme kuliko maji: toa betri kabla ya kuifuta, usiiwashe "kujaribu". Ikaushe ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa siku kadhaa. Usiifukie kwenye mchele wala kuiweka karibu na jiko: mchele unaacha vumbi na wanga, na joto la jiko linalegeza gundi. Chombo hicho hicho ndicho ninachopendekeza kiwe nyumba ya kamera mwaka mzima, juu ya bodaboda ndani ya begi na kabatini nyumbani. Kinazuia vumbi kiangazi na ukungu wa lenzi masika. Asubuhi za baridi, ukiingia kutoka nje kwenye kanisa lililojaa watu, acha begi limefungwa robo saa hadi nusu saa. Jasho linaloshika kioo linashika na vituo vya ndani, ambavyo huwezi kuvifuta.

Ukilazimika kuituma kamera, toa kadi, betri na kamba ya shingoni, uandike aina ya kamera na namba yake ya bodi, nawe ubaki na nakala. Ndani ya boksi weka karatasi yenye mambo ambayo fundi hawezi kuyaona mezani kwake: ujumbe ulivyosomeka, lenzi iliyokuwepo, namba ya tundu, kama ilianguka au ililoa, na umeshajaribu nini. Karatasi hiyo humpunguzia saa za kutafuta, na saa hizo ndizo unazolipia. Mwambie asitengeneze kabla ya kukupigia bei. Akisema shata imekwisha, muulize imepiga mara ngapi. Kwa Nikon idadi hiyo imo ndani ya picha yenyewe. Kwa Canon nyingi husomwa kwa programu kupitia waya. Shata za kamera za daraja la kati kama 7D na D7000 zilijaribiwa kiwandani kufikia mipigo 150,000, za kamera ndogo kama D3100 100,000. Kamera ndogo iliyokwisha kupita hapo, bei ya shata mpya pamoja na kazi ilinganishe na bei ya bodi iliyotumika ya aina hiyo hiyo kabla hujatoa jibu. Mara nyingi bodi inashinda, na lenzi zako na betri zako zitaendelea kufaa.